Sindano za Kichina: Mgonjwa Mpya Atarajie Nini?



Somo la toleo hili limetoka kwenu wenyewe. Katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Molo, mama mmoja mkulima wa viazi aliomba mkopo wa shilingi 15,000. Alipoulizwa ni wa kazi gani, alisema mgongo umemtesa miaka mitatu, hawezi tena kuinama kupalilia wala kubeba mtungi wa maji. Binti yake anayefanya kazi Nakuru alikuwa amesikia habari za daktari anayetibu kwa sindano za Kichina.

Hapo mkutano ukagawanyika. Wengine walisema huo ni uchawi wa ng'ambo. Wengine walisema sindano zitamletea Ukimwi. Wengine nao walisema apewe pesa haraka, kwa kuwa wamesikia kwamba Wachina hawashindwi na ugonjwa wowote. Mweka hazina akatugeukia akauliza: "Mwalimu, hizo sindano ni dawa ama ni ujanja?"

Siku ile hatukuwa na jibu zuri. Tulikwenda tukauliza kwa wauguzi na madaktari, tukasoma, na baadaye tukamsindikiza mama huyo hadi kliniki. Haya ndiyo tuliyojifunza. Someni polepole katika kikundi, na mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

TIBA HII NI NINI?

Tiba hii huitwa akupancha. Ni kudungwa sindano nyembamba sana katika sehemu fulani za mwili ili kupunguza maumivu au shida nyingine. Ilianza China, na imeandikwa katika vitabu vya huko kwa zaidi ya miaka 2,000.

Sindano zenyewe si kama ile ya zahanati. Sindano ya zahanati ina tundu ndani ili dawa ipite. Hii haina tundu, na hakuna dawa inayoingizwa mwilini. Ni nyembamba karibu kama unywele mnene, kwa kawaida chini ya theluthi moja ya milimita.

Wachina wa kale walieleza kwamba kuna nguvu ya uhai, waiitayo chi, inayopita mwilini kwa njia zake kama maji katika mifereji ya shamba. Mfereji ukiziba, mtu huugua, na sindano huufungua. Wanasayansi wa leo hawajaiona mifereji hiyo. Wanachokiona ni kwamba sindano huamsha mishipa ya fahamu, na mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu.

Tiba hii imekwisha kuenea mbali. Mwaka 1971 mwandishi wa gazeti wa Marekani, James Reston, alipasuliwa kidole cha tumbo mjini Beijing, akatulizwa maumivu ya baadaye kwa sindano hizi. Alipoandika habari hiyo katika gazeti la New York Times, watu wengi wa nchi za Magharibi walianza kuuliza juu yake. Hapa karibu, madaktari waliotumwa na serikali ya China wamefanya kazi Zanzibar tangu miaka ya 1960, na Tanzania Bara tangu 1968. Katika miaka ya 1990 kliniki za binafsi za Kichina zikaanza kuonekana Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika Mashariki. Huko Uganda, shirika lililoitwa PanAfrican Acupuncture Project liliwafundisha wauguzi na wahudumu wa afya kutumia sindano hizi kupunguzia wagonjwa wa Ukimwi, malaria na kifua kikuu maumivu na udhaifu. Tuangalie vizuri hapo: wagonjwa hao hawakuambiwa waache dawa zao. Sindano ziliongezwa juu ya dawa.

KABLA HUJAENDA: JUA UNAUMWA NINI

Hili ndilo jambo la kwanza, na kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote. Sindano zinaweza kupunguza maumivu. Haziwezi kukuambia maumivu yametoka wapi. Maumivu ni kama mbwa anayebweka usiku. Ukimnyamazisha bila kutoka nje na tochi, huenda mwizi yuko boma tayari.

Katika eneo letu la Bonde la Ufa, mgongo na viungo huuma kwa sababu nyingi:

1. Kazi. Kuinama siku nzima kwenye viazi, kubeba kuni na maji, kusimama saa nyingi kwenye mashamba ya maua Naivasha. Hii ndiyo sababu ya wengi wetu.

2. Maji yenye floridi. Visima vingi vya Nakuru na majirani vina floridi nyingi, kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Tunaiona kwenye meno ya kahawia ya watoto wetu. Mtu akiyanywa maji hayo miaka mingi, floridi huingia hata kwenye mifupa, na mgongo na viungo hukakamaa na kuuma. Kuchemsha hakuondoi floridi. Ndiyo sababu Jimbo Katoliki la Nakuru lilijishughulisha na machujio ya mkaa wa mifupa. Hakuna sindano inayoondoa floridi mwilini. Kinachosaidia ni kubadilisha maji.

3. Brusela. Huu ni ugonjwa unaotoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, kwa kunywa maziwa mabichi au kushika ndama aliyetupwa bila kujikinga. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, viungo na mgongo huuma. Hutibiwa kwa dawa za hospitali kwa majuma kadhaa.

4. Kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wengi hudhani kifua kikuu ni kukohoa tu. Kinaweza kula mifupa ya mgongo, na mgonjwa asikohoe hata mara moja.

Juu ya hili la nne tunaungama kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alitulalamikia mgongo. Tulimwambia, "Mzee, huo ni umri," tukamshauri akandwe na apumzike. Alikandwa miezi minne. Alipoanza kukosa nguvu miguuni ndipo tukampeleka hospitali, na picha ikaonyesha kifua kikuu. Dawa alipewa bure, akapona, lakini hadi leo anatembea kwa fimbo. Kama tungemwambia apimwe ile siku ya kwanza, pengine fimbo hiyo isingekuwako. Hatutaki kikundi chochote kirudie kosa letu.

Nenda hospitali upesi, wala usianzie kwa sindano, ukiona dalili hizi: maumivu pamoja na homa au jasho la usiku, kukonda bila sababu, miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, kushindwa kuzuia haja, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali, maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla na vibaya kuliko ulivyozoea.

Yule mama wa Molo tulimpitisha kwanza zahanati. Muuguzi alimpima presha, ikawa 180 kwa 110. Akamwuliza, "Mama, dawa za presha unameza?" Mama akainamisha kichwa. Alikuwa ameziacha miezi miwili iliyopita, kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa akiuza dawa sokoni alimwambia kwamba akianza tiba ya Kichina hatahitaji tena vidonge. Ndugu zangu, presha hiyo inaweza kumpooza mtu hata kabla hajaonana na daktari wa sindano. Tulirudi nyumbani siku hiyo. Alirudishiwa dawa, na kliniki akaenda majuma matatu baadaye, presha ikiwa imeshuka.

SIKU YA KWANZA KLINIKI

Jiandae hivi. Kula chakula kidogo saa moja au mbili kabla, kwa maana mwenye njaa huweza kuona kizunguzungu. Usinywe pombe. Vaa nguo pana zinazopanda hadi magotini na kwenye viwiko. Beba vidonge vyote unavyotumia na kitabu chako cha hospitali. Akina mama, nendeni na mwenzenu. Una haki ya kuwa na mtu chumbani.

Maswali. Daktari mzuri hukuuliza mengi kabla ya kushika sindano: unaumwa wapi, tangu lini, unalalaje, choo kikoje, hedhi ikoje, dawa gani unatumia. Anaweza kutazama ulimi wako na kushika mshipa wa mkono, mkono wa kulia na wa kushoto. Usishangae, ndivyo wanavyochunguza. Kama hazungumzi Kiswahili na kuna mkalimani, hakikisha maneno yako yote yamefika. Ukisema maneno kumi na mkalimani akatafsiri mawili, uliza.

Wewe nawe useme ukweli. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni lazima umwambie kama una mimba au unafikiri unayo, kwa sababu kuna sehemu ambazo hazidungwi mwenye mimba. Mwambie kama una kifafa, kisukari, presha au ugonjwa wa moyo. Kama umewekewa kifaa cha kuendesha moyo. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na kama ukijikata damu huchelewa kukoma.

Kudungwa. Utalala kitandani au kuketi. Ngozi itapanguswa. Idadi ya sindano hutofautiana, mara nyingi kati ya tano na ishirini. Zinaweza kuingia milimita chache tu, au zaidi kidogo mahali penye nyama. Usishangae ukiumwa mgongo na ukadungwa mguuni au mkononi.

Je, inauma? Wengi husikia kama kuumwa na siafu mdogo, kisha uzito, joto au ganzi kuzunguka mahali hapo. Hilo ni la kawaida. Lakini ukisikia maumivu makali, au kitu kama shoti ya stima ikikimbia mguuni, sema mara moja. Hapati tuzo anayevumilia.

Kupumzika. Sindano hukaa dakika 20 hadi 30 hivi, na wewe hutikisiki. Wengine husinzia. Huenda sindano zikaunganishwa na kijimashine cha betri kinachotetemesha misuli kidogo. Huenda pia daktari akawasha majani makavu karibu na ngozi ili kukupasha joto. Akikuunguza, mwambie aondoe. Wengine huweka vikombe vya kioo vinavyovuta ngozi. Hilo wazee wa pwani wanalijua kwa jina la kuumika, au kupiga chuku. Huacha alama nyekundu za duara kwa siku kadhaa. Hakuna kinachopaswa kufanywa bila wewe kuelezwa na kukubali.

Kutolewa. Sindano zikitolewa, zihesabiwe. Tone moja la damu au alama ndogo ya kuvilia si jambo la kuogopa. Inuka polepole. Kaa kidogo nje ukinywa maji kabla ya kupanda matatu, na kama wewe ni mwendesha bodaboda, usiwashe pikipiki hadi kichwa kitulie. Siku hiyo unaweza kujisikia mchovu, au maumivu yakazidi kidogo kabla ya kupungua.

SINDANO MOJA, MGONJWA MMOJA

Wale walioogopa Ukimwi hawakuwa wajinga. Sindano iliyotoka kwa mtu mmoja ikaingia kwa mwingine inaweza kubeba virusi vya Ukimwi, na pia virusi vya homa ya ini. Kwa hiyo sheria ni moja: sindano mpya, itolewe katika pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele ya macho yako, na ikitumika itupwe katika kisanduku cha sindano kama kile cha manjano mnachokiona zahanati.

Kulowesha sindano katika spiriti hakutoshi. Kuichemsha kwenye sufuria hakutoshi. Ukiambiwa, "Hii ni yako, tunakuwekea mpaka wiki ijayo," kataa. Ukiona sindano zimelala wazi kwenye sahani, simama uondoke. Huhitaji kuomba radhi.

Mikononi mwa mtu aliyefundishwa, tiba hii ina hatari ndogo. Huko Uingereza matibabu 34,407 yalifuatiliwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Hakukuwa na madhara makubwa hata moja. Lakini mikononi mwa asiyejua, sindano ya kifua au ya mgongo wa juu inaweza kutoboa pafu. Baada ya kudungwa sehemu hizo, ukipata kichomi na pumzi kukatika, kimbia hospitali.

INASAIDIA NINI, HAISAIDII NINI

Hapa tuseme kweli bila kuongeza chumvi. Mwaka 2018 watafiti walikusanya pamoja majaribio 39 yenye wagonjwa 20,827 wa maumivu ya muda mrefu: mgongo, shingo, bega, goti na kichwa. Waliodungwa walipata nafuu kuliko wasiodungwa. Wengine walidungwa kwa kudanganyishwa, sindano zikawekwa mahali pasipo penyewe au zisiingie kabisa. Hao nao walipata nafuu, lakini chini kidogo ya wale wa sindano za kweli. Maana yake nini? Sindano zinasaidia kiasi, na sehemu nyingine ya nafuu hutokana na kupumzika, kusikilizwa na kuwa na matumaini.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Sindano hizi zimo kati ya tiba zinazoweza kutumika. Lakini zimo pia mazoezi ya mwili, kukandwa, na kumfundisha mgonjwa jinsi ya kujitunza. Ile mikanda ya mgongo ambayo wengi wetu tunainunua kwa bei kali mwongozo huo haukuipendekeza kama tiba ya kawaida. Mazoezi hayagharimu kitu. Mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali kubwa ya serikali atakuonyesha, nawe utayafanya nyumbani juu ya mkeka.

Hivyo basi, mtarajie nafuu, msitarajie muujiza. Baada ya kikao cha kwanza huenda usisikie tofauti yoyote. Kwa kawaida mtu huenda mara moja au mbili kwa juma, vikao sita hadi kumi. Ukifika kikao cha nne au cha sita na hakuna badiliko lolote, acha, utafute njia nyingine.

Sindano hizi haziponyi Ukimwi. Haziponyi kifua kikuu, malaria, kisukari, presha wala saratani. Mgonjwa wa saratani anaweza kupunguziwa maumivu au kichefuchefu, lakini uvimbe hauondoki. Mtu yeyote anayekuambia uache ARV, sindano za kisukari au vidonge vya presha, huyo anacheza na maisha yako, awe Mchina, Mkikuyu, Mkalenjin au mhubiri.

Na yale maswali ya uchawi? Katika tiba hii hakuna kafara, hakuna hirizi, hakuna roho inayoitwa. Ni sindano, mikono, na ujuzi wa sehemu za mwili. Kwa hiyo mwamini asiogope. Lakini mtu akikudai kuku mweusi, au akikutajia jirani aliyekuroga, hiyo si akupancha tena. Nenda zako.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULALA KITANDANI

Kuuliza si ujinga. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inatupa haki ya huduma za afya, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji. Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unasema mgonjwa aelezwe, akubali mwenyewe, na anaweza kukataa au kutafuta maoni ya daktari mwingine. Sheria ya Afya ya 2017 nayo ina sehemu yake juu ya tiba za asili na tiba mbadala. Basi uliza bila woga:

- Ulisomea wapi kazi hii, na kwa muda gani?
- Leseni ya kliniki iko wapi? Ionekane ukutani. Kumbukeni kwamba kwa miaka mingi waganga wa kienyeji waliandikishwa na wizara ya mambo ya utamaduni. Cheti cha namna hiyo hakionyeshi kwamba mtu amesomea kudunga sindano.
- Sindano ni mpya? Nitaona pakiti ikifunguliwa?
- Unafikiri nitahitaji vikao vingapi, na kila kimoja ni pesa ngapi?
- Tutajuaje kama inasaidia?
- Ukiona jambo lisilo la kawaida, utaniandikia barua niende hospitali gani?

Na juu ya dawa za pakiti: kliniki nyingine hupata faida zaidi kwa kuuza vidonge na majani kuliko kwa sindano. Usinunue dawa isiyo na maandishi unayoweza kuyasoma, wala isiyoandikishwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Katika nchi mbalimbali, dawa zilizouzwa kama mitishamba ya viungo zimepimwa zikakutwa zimechanganywa na dawa kali za hospitali ambazo hupandisha sukari na presha. Ndiyo maana mgonjwa huona nafuu ya haraka, kisha akaanguka.

PESA NA KIKUNDI

Sasa turudi kwa mweka hazina. Bei hutofautiana, kwa hiyo tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme kikao kimoja ni shilingi 2,000 na matatu kwenda na kurudi ni 300. Vikao vinane ni 16,000, nauli ni 2,400, jumla 18,400. Kikundi cha watu 20 wanaochanga 200 kila juma hukusanya 4,000. Basi mgonjwa mmoja atameza michango ya zaidi ya majuma manne. Je, mwenzetu aliyekuwa akingojea zamu yake alipe karo ya mtoto, tutamwambia nini?

Hatusemi msimsaidie mgonjwa. Kikundi kisichosaidia mgonjwa ni cha kazi gani? Tunasema msaidie kwa hatua. Wala msidhani kwamba bima italipa. SHA ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Mwulize kwanza afisa wake, na mwulize mwenye kliniki. Msilipe vikao kumi kwa mara moja hata mkiahidiwa punguzo, kwa maana asiyepata nafuu hurudishiwa pesa kwa shida. Na kila malipo yawe na risiti.

Kikundi cha Molo kiliamua hivi. Kwanza, mgonjwa alete karatasi ya zahanati kuonyesha amepimwa. Pili, apewe mkopo wa vikao vinne tu, na mwanakikundi mmoja amsindikize siku ya kwanza. Tatu, baada ya vikao vinne aje aseme mwenyewe mbele ya wenzake: je, anaweza kufanya nini leo ambacho hakuweza mwezi uliopita? Wasimwulize tu kama anajisikia vizuri, maana sisi watu wa adabu husema "vizuri" hata tukiwa tunalia.

Alipokuja kujibu, alisema anaweza kupalilia mistari miwili bila kusimama, na usiku anageuka kitandani bila kuita mtu. Mtungi wa lita 20 bado unamshinda. Wakamwongezea mkopo wa vikao viwili. Kisha akaacha, akaendelea na mazoezi aliyofundishwa, na vijana wake sasa huchota maji kwa toroli. Maumivu hayajaisha yote. Alituambia, "Yamerudi kuwa ya kwangu, hayanitawali." Vidonge vya presha anameza kila asubuhi, na mkopo anaulipa.

Mweka hazina, jibu letu ni hili: zinaweza kuwa dawa, na zinaweza kuwa ujanja. Inategemea mkono unaozishika, na maswali uliyouliza kabla ya kulala kitandani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Pimwa kwanza hospitali au zahanati.
- Usiache dawa za hospitali bila kuambiwa na hospitali.
- Sindano mpya, mbele ya macho yako, kila mara.
- Sema ukweli wote juu ya afya yako, hasa mimba.
- Pima nafuu kwa kazi unayoweza kufanya, si kwa maneno.
- Lipa kikao kimoja kimoja, uchukue risiti.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani kati yetu ana maumivu ya muda mrefu ambayo hayajawahi kupimwa? Anazuiwa na nini: pesa, mbali, au woga?
2. Kijijini kwetu, ni nani amewahi kuambiwa aache dawa za hospitali? Ilikuwaje mwishowe?
3. Maji tunayokunywa yamewahi kupimwa floridi? Nani ataulizia, na lini?
4. Kikundi chetu kina kanuni gani juu ya mikopo ya matibabu? Kama hakuna, tuandike leo tatu.

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanakikundi mwenye umri wa miaka 40 au zaidi apimwe presha katika zahanati iliyo karibu. Katibu aandike majina ya waliokwenda; vipimo vyenyewe ni siri ya kila mtu.